Ufadhili wa PhD upo. Mashine ya kurudia iko wapi?

Wadau, Novemba 16, 2024 ghorofa liliporomoka Kariakoo na kuua watu zaidi ya 20. Kabla ya hapo, Machi 29, 2013, siku ya Ijumaa Kuu, jengo la ghorofa 16 lilianguka katikati ya jiji pale Mtaa wa Indira Gandhi, wakafa zaidi ya 30. Kila mara tunazungumza yale yale: nondo nyembamba, zege bovu, kibali, mkandarasi, tume. Mimi leo nina swali jingine, tena dogo. Hivi ni nani nchini mwetu ambaye kazi yake ya kila siku ni kujua kwa nini kitu kigumu kinavunjika?

Maana hiyo ni fani kamili. Vitabu vya shule vinaita vitu vigumu "mango" (sio maembe jamani), na umakanika wa mango ndio unaohesabu mzigo unakwenda wapi, ufa unaanzia wapi, na chuma kinachoka baada ya kukunjwa mara ngapi. Tatizo ukisema makanika watu wanafikiria fundi wa gereji. Pacha wake ni sayansi ya matirio, kama mafundi wanavyoyaita: zege, chuma, plastiki, nyuzi za mkonge, mpaka vitu vya ndani ya betri.

Sasa vijana wananiuliza sana kuhusu nafasi za kusoma. Nafasi zipo, tusidanganyane. Ujerumani, Uholanzi na nchi za Skandinavia, PhD ya uhandisi mara nyingi ni ajira. Unasaini mkataba, unalipwa mshahara, na nafasi inatangazwa kama kazi nyingine yoyote. Kwa hiyo anayekaa kusubiri neno "scholarship" anapitwa. Marekani vyuo vikubwa humlipia ada mwanafunzi wa PhD wa uhandisi na kumpa posho, ila atafanya utafiti wa profesa mwenye pesa. Mitandao ya Marie Skłodowska-Curie ya Ulaya inapokea raia wa nchi yoyote, sharti kubwa ni usiwe umekaa nchi unayokwenda zaidi ya miezi 12 ndani ya miaka mitatu iliyopita. Hapa kwetu Afrika mfuko wa RSIF, ambao icipe ya Nairobi ilianza kuusimamia 2018, uliweka madini na uhandisi wa matirio kati ya maeneo yake makuu.

Kwenda basi sio shida kubwa. Shida ni kurudi.

Nina jamaa yangu alirudi na PhD ya nyufa za chuma. Kule alikuwa na mashine inayovuta kipande cha chuma usiku na mchana na hadubini ya elektroni ghorofa ya chini. Chuo alichofikia hapa (sikitaji) alipewa vipindi vya darasa la watu mia tatu na ufunguo wa maabara yenye mashine moja ya kubonyeza mchemraba wa zege. Nayo inategemewa na wakandarasi, wanaleta vipande vya siku 7 na siku 28, wanachukua karatasi, wanaondoka. Hiyo ni huduma nzuri lakini sio utafiti. Miaka mitatu baadaye kaondoka tena, na safari hii sidhani kama atarudi.

Na mlango wa kuingilia nao ni mwembamba. Matangazo ya kazi ya vyuo vya umma yamezoea kudai GPA ya 3.8 ya shahada ya kwanza, ambayo kwenye uhandisi wanaoipata ni wachache. Umerudi na PhD yako na makala zako, bado unaulizwa ulifanyaje mwaka wa pili!

Najua kuna watakaonitajia Dk. Askwar Hilonga. Ni kweli. Alisomea PhD Korea Kusini, akarudi Arusha kwenye taasisi ya Nelson Mandela, akaunganisha mchanga na chembechembe za nano kutengeneza chujio la maji, na mwaka 2015 akachukua tuzo ya kwanza ya Afrika ya Royal Academy of Engineering ya Uingereza, pauni 25,000. Tumpongeze. Ila asitumike kama fimbo ya kuwachapia wengine, sio kila utafiti unaanza na mchanga.

Tuangalie kinywe, kinachochimbwa Ruangwa na kilichojaa Mahenge. Mgodini kinatoka kimesafishwa kufikia kama asilimia 95. Betri inataka asilimia 99.95, tena punje ziviringishwe kama mpira, na kwenye kuviringisha sehemu kubwa inabaki vumbi. Kazi hiyo China inafanya zaidi ya asilimia 90 ya dunia nzima, na ilipoanza kudhibiti uuzaji wake nje Desemba 2023, wakubwa wote walishtuka. Litiamu ikiingia ndani ya kinywe, kinavimba kama asilimia 10, inatoka kinasinyaa, maelfu ya mara, mpaka punje zinaanza kupasuka. Yaani ni nyufa zile zile za yule jamaa yangu! Ulaya wanaajiri watu wa PhD kusoma nyufa hizo, sisi tunapakia magunia.

Mwaka 2021 Benki ya Dunia iliidhinisha mradi wa HEET, dola milioni 425, kwa ajili ya vyuo vyetu: majengo, maabara, kusomesha wahadhiri. Hela ya kuanzia basi imepatikana. Ninachotaka kuona ni mafundi wa mashine na bajeti ya vipuri, kwa sababu hadubini ikikosa kipuri kimoja inageuka kabati. Na kwenye mikataba ya kinywe serikali inachukua hisa zake asilimia 16. Kwa nini isidai pia nafasi za utafiti, hata kumi tu, hapa hapa?

Kwa kijana unayeomba sasa: kabla hujasaini mada, muulize profesa wako kama unaweza kubeba sampuli za nyumbani. Commonwealth wana mpango wa kusajiliwa chuo cha kwako na kukaa Uingereza miezi 12 kwenye mashine zao. Posho yake haitakutajirisha, lakini unarudi kwenye meza ambayo hukuiacha.

Walio ndani ya maabara hizi, CoET, Mbeya, Arusha au popote, hebu tuambieni kwenye maoni: mashine gani inafanya kazi leo, na ipi imefunikwa turubai?