Munganga Anayeuliza Kazi ya Bwana

Mmoja wetu ametuuliza swali. Binti yake anasoma udaktari hapa Unilu, na sasa anasema anataka kuwa munganga wa kazi. Ndiyo kazi gani hiyo?

Anamaliza kwanza udaktari wa kawaida, halafu anaongeza masomo juu ya vumbi, moshi, makelele, na madini yanayoingia katika damu. Hangoji mgonjwa aletwe. Anaingia kiwandani, anatazama watu wanavyofanya kazi, anawapima wangali wazima.

Mji wetu ulipata tanuru la shaba mwaka 1911, basi kazi haitamkosa. Wala haiishii kwenye mlango wa kiwanda. Mwaka 2009, Profesa Célestin Banza Lubaba Nkulu wa Unilu na Profesa Benoit Nemery wa Leuven, Ubelgiji, ambaye ni munganga wa kazi, walitoa na wenzao utafiti juu ya mkojo wa watu 351 wa Katanga. Kwa waliokaa chini ya kilomita 3 kutoka migodi na viwanda, zaidi ya nusu walipita kiasi cha kobalti kilichowekwa kwa wafanyakazi. Watoto ndio waliopita zaidi. Watoto, ambao hawajavaa kofia ya kiwanda hata siku moja!

Mwaka 2020 ukatoka mwingine, wa hapa Lubumbashi: watoto 138 waliozaliwa na vilema vya kuonekana, wakilinganishwa na 108 wasio navyo. Jambo lililojitokeza kuliko yote ni kazi ya baba katika madini. Haina maana kwamba kila mchimbaji atazaa kilema. Lakini tunajua ni nani anayesingiziwa katika familia mtoto akizaliwa hivyo, na utafiti huu haukumnyoshea mama kidole.

Binti ajue pia ugumu wake. Mara nyingi kampuni ndiyo inamlipa munganga huyo, na siku moja atapaswa kumwambia mkubwa kwamba vumbi limezidi. Siri ya mgonjwa nayo ni ya mgonjwa, hata mkubwa akiiomba kwa upole.

Tukingoja amalize masomo: nguo za kazi zisikung'utwe ndani ya nyumba, zisifuliwe katika maji mamoja na za watoto. Na ukienda kupimwa mimba, taja kazi ya bwana hata usipoulizwa.