Mchanga Unaohama

Mtoko si lazima uwe baa! Mimi na mwenzangu, tukiwa tumenuniana wiki nzima, tulitembezwa kwa miguu na kijana wa Kimasai kwenye nusu jangwa la Olduvai, Ngorongoro. Jina hilo limetokana na oldupai, mkonge mwitu unaoweka akiba ya maji ndani ya majani yake manene. Mbele kuna kilima cha mchanga mweusi, umbo la mwezi mwandamo. Ni majivu ya volkano ya Ol Doinyo Lengai. Yana chuma, ndiyo maana chembe zake zinang'ang'aniana. Upepo hukisukuma kama mita 17 kwa mwaka, na wala hakisambaratiki! Kijana akachota mchanga, akaurusha juu. Ukadondoka palepale.

"Kumbe!" akasema mwenzangu. Neno la kwanza tangu Jumapili, jamani. Nikamjibu.