Jino Likinyamaza, Halijapona



Miezi miwili iliyopita, mama mmoja alikuja kwenye kikao chetu cha likelemba amefunga shavu kwa kitambaa. Jino la nyuma lilikuwa limemuuma majuma mawili, usiku zaidi kuliko mchana. Alinunua vidonge vinne vya amoksisilini kwenye ligablo. Kisha maumivu yakaisha, akamshukuru Mungu. Siku kumi baadaye aliamka uso umevimba. Tulimsindikiza kwa muganga wa meno, na huko ndiko tulikojifunza haya.

Jino si jiwe. Ndani yake kuna nyama laini yenye mishipa ya damu na ya fahamu, inayoshuka hadi ncha ya mzizi kupitia vijia vyembamba. Jino likitoboka na tundu likifika kwenye nyama hiyo, vijidudu vinaingia na nyama inaoza. Mshipa wa fahamu ukifa, maumivu yanaweza kukoma, lakini vijidudu vinaendelea hadi kwenye mfupa wa taya na kuleta usaha. Vidonge peke yake haviponyi: dawa husafiri kwa damu, na ndani ya jino lililokufa damu haifiki tena.

Siku ile muganga alitoa usaha kwanza na kumwandikia dawa. Uvimbe uliposhuka, alianza kutibu mizizi. Alipiga picha ya jino, akachoma sindano ya ganzi, akalitoboa kwa juu. Alitoa nyama iliyooza kwa vyuma vyembamba kama sindano, akaosha vijia kwa dawa ya kuua vijidudu, akavijaza kitu kama mpira na kuziba. Kazi hiyo humalizika kwa safari moja, mbili au tatu. Jino linaweza kuuma kidogo siku chache, kisha hutulia. Ukiambiwa urudi, rudi! Kizibo cha muda kikiachwa, vijidudu vinaingia tena. Na gego lililotibiwa huvunjika kwa urahisi, kwa hiyo muulize muganga kama linahitaji kofia.

Tuseme ukweli: kung'oa ni bei ndogo kuliko kutibu mizizi, na si kila mahali kuna muganga wa kazi hii. Tena jino lililovunjika sana halitengenezeki. Hapo kung'oa si aibu. Kibaya ni kukaa na usaha. Uliza bei yote kabla ya kuanza, kuanzia picha hadi kizibo cha mwisho. Mama yetu hakuwa na pesa hiyo. Aliyekuwa na zamu ya likelemba alikubali kumpisha. Leo anatafuna mahindi ya kuchoma pande zote mbili.

Sasa watoto. Gego la kwanza la kudumu huota karibu na miaka 6, nyuma ya meno ya utoto, bila jino lolote kung'oka. Wengi wetu tunalidhania la utoto, tunasema litabadilika. Halibadiliki. Darasani tunawaona watoto wa miaka 9 wakishika shavu badala ya kalamu, na jino lenyewe ndilo hilo. Jioni hii, mwambie mtoto afungue kinywa, uangalie nyuma kabisa.

Uso ukivimba pamoja na homa, au mtu akishindwa kumeza, kufungua kinywa au kupumua vizuri, ni hospitali saa ile ile, hata usiku. Usisage aspirini na kuiweka kwenye jino; inaunguza ufizi. Mwenye mimba asiogope muganga wa meno: amwambie hali yake, naye atachagua ganzi na dawa zinazofaa.

Kwenye kikao kijacho, tuulizane: nani kati yetu ana jino lililouma, kisha likanyamaza? Huyo tumsindikize kwanza.

Tuonane juma lijalo.