Kichomi si Zongo

Mtoto anapokuwa na kikohozi na homa, kifua kikampanda na kushuka mbiombio, mbavu zikaingia ndani kila avutapo pumzi, nyumba nyingi za pwani humtafuta kwanza aliyemtazama. Bibi husema ni zongo, jirani husema ni shetani. Siku tatu zaenda kwa hirizi na mafusho. Siku ya nne ndipo apelekwapo spitali, na akifa twasema ajali yake imefika.

Ajali i mikononi mwa Mola, na jicho ni haki, sikanushi. Lakini nani aliyekwambia kuwa kukaa kitako ndiyo tawakkul? Mtume wetu (s.a.w.) ametuamrisha kujitibu, hakutuamrisha kutafuta jirani wa kumtuhumu.

Maradhi hayo ni kichomi, madaktari huyaita nimonia. Vijidudu huingia mapafuni, vifuko vya hewa vikajaa maji na usaha, pumzi ikakosa pa kupita. Shirika la Afya Duniani lilihesabu kuwa mwaka 2019 yaliua watoto zaidi ya 740,000 walio chini ya miaka mitano, yaani zaidi ya 2,000 kila siku ya Mungu. Je, wote hao walipigwa jicho?

Tazama tunavyoyakaribisha wenyewe. Mzazi hufungiwa chumbani siku arubaini na kitoto chake, madirisha yamezibwa, chetezo cha ubani asubuhi na jioni. Jikoni moshi wa kuni na vifuu hauna pa kutokea. Na baba, hodari wa kuzungumza habari za kadari, yuko ukingoni mwa kitanda na sigara yake. Ukimwambia, hukujibu kuwa ni makuruhu tu! Moshi huyadhuru mapafu ya mtoto, vijidudu vikapata njia. Ubani ni mzuri, ufukize, lakini mtoto asiwemo.

Sura ya Baqara imetaja miaka miwili kamili ya kunyonyesha. Sisi mwezi wa pili twampa uji! Mtoto aliyekoseshwa ziwa la mamake, na aliyedhoofu kwa kukosa chakula, hao ndio kichomi huwaangusha mwanzo. Chanjo nayo ipo, Kenya tangu 2011 na Tanzania tangu 2013, na bado wako waume wawakatazao wake zao kwenda kiliniki.

Basi shika saa yako, mtoto akiwa ametulia, uhesabu pumzi zake dakika moja nzima. Aliye chini ya miezi miwili, zikifika 60 ni hatari. Wa miezi miwili mpaka asiyetimiza mwaka, 50. Wa mwaka mmoja mpaka asiyetimiza mitano, 40. Zikifika hapo, au mbavu zikizama, au akikataa kunyonya, usingoje kuche. Akiwahiwa, aghalabu dawa ya amoksilini humtosha, na bei yake ni ndogo kuliko ya hirizi.

Na nyinyi maalimu wenzangu mnaoandika makombe, nawaambia waziwazi: akiletwa kwenu mtoto anayehema namna hiyo, msitie kalamu katika zafarani. Msomeeni dua hapo hapo mlangoni, kisha mwambieni babake atafute gari.