Pweza Hashushi Presha

Wiki hii tunaziacha kidogo habari za nguo na mahaba ya vijana, tunaingia chumbani kwa wakubwa. Tutaingia kwa adabu, na hodi tutapiga.

Nenda Forodhani jioni, jua likishazama na taa za wauzaji zikishawaka. Watalii wamejipanga kwenye pizza ya Zanzibar na juisi ya miwa. Hao waache. Wewe angalia penye sufuria ya supu ya pweza. Utakuta wanaume wa makamo, miaka arobaini na tano, hamsini, kila mmoja na bakuli lake, ndimu inakamuliwa, pilipili inaongezwa, chumvi nayo haiko nyuma. Waulize kuna nini humo, watacheka tu. Na wewe unajua wanachochekea. Pweza, ati, anatia nguvu. Anarudisha heshima ya ndoa.

Mimi sina ugomvi na pweza. Ni chakula kizuri, protini nyingi na mafuta kidogo, na kule Jambiani na Paje kuna akina mama wanaomchokoa kwenye mawe maji yakitoka, wakapata cha kutia jikoni na ada za skuli. Ugomvi wangu ni na mzee anayemaliza bakuli mbili za supu huku vidonge vyake vya presha amevisukumia nyuma ya kabati, mwezi wa tatu huu. Kisa? Kwenye barza kuna mtu kamwambia kwamba dawa za presha zinaua uanaume.

Huyu mzee mnamjua. Wengine wenu ndiye baba yenu.

Basi tuanze na presha yenyewe. Presha ya kupanda haiumi. Watu wanaingojea iwagonge kichwani, iwatie kizunguzungu, ndipo waseme leo imepanda. Thubutu! Mtu anaweza kuwa na 170 kwa 100 na akacheza dhumna pale Jaws Corner mpaka magharibi, anacheka, anabishana mpira, kahawa ya tatu iko mkononi. Hajisikii chochote. Siku atakayojisikia huenda ni siku ya kiharusi, mdomo umepinda na mkono haunyanyuki. Mwaka 2011 ulifanywa uchunguzi hapa Zanzibar kwa watu wa miaka 25 hadi 64, ikaonekana kiasi cha mtu mmoja kati ya watatu ana presha ya juu. Soma tena: kuanzia miaka 25. Usidhani nazungumza na babu yako peke yake.

Sasa turudi kwenye lile jambo la chumbani. Mwanamume anaposimama, kwa maneno ya heshima, kinachofanya kazi ni damu. Mishipa inatanuka, damu inajaa, kazi inakwenda. Presha ikikaa juu miaka na miaka, mishipa inakakamaa kama mpira wa zamani wa baiskeli. Sukari ikiwa juu nayo inaharibu mishipa hiyo hiyo, tena inaongeza na neva. Sigara ndiyo usiseme. Na mishipa ya huko chini ni myembamba kuliko ya moyo, kwa hiyo mara nyingi huko ndiko shida inakoanza kuonekana, miaka michache kabla moyo haujalalamika. Daktari akisikia mwanamume wa miaka 48 anasema nguvu zimepungua, hacheki. Anampima presha, anampima sukari, anamsikiliza moyo.

Kumbe basi kile mzee anachokiogopa kinaletwa na ugonjwa anaokataa kuutibu! Na hapo hajajua bado. Wako wanaoongeza mke wa pili wakikaribia hamsini, yakitokea ya kutokea usiku wa fungate, anasingiziwa bi mkubwa kamroga. Mganga atatafutwa, kuku atachinjwa, ndugu watanuniana mwaka mzima. Hakuna aliyefikiria kumpima bwana harusi sukari. Bi mkubwa wa watu anabeba lawama ya mishipa ya mumewe.

Nisije nikasema uongo, maneno ya barza hayakutoka hewani. Zipo dawa za presha, baadhi ya zile za kuongeza mkojo na zile zinazopunguza mapigo ya moyo, ambazo wanaume wengine zinawazubaisha kidogo. Lakini dawa za presha ziko jamii nyingi, na nyingine hazina lawama hiyo. Anachotakiwa kufanya mtu ni kurudi kwa daktari aliyemwandikia na kumwambia, dokta, tangu nianze kidonge hiki mambo si mambo, nibadilishie. Sentensi moja. Ataandikiwa kingine. Tatizo wanaume wetu wako radhi wamweleze muuza supu kuliko kumweleza daktari, hasa daktari akiwa binti wa umri wa mwanawe. Hapo naelewa, haya ni haya. Omba daktari wa kiume, hakuna atakayekuuma.

Wengine pweza hawawatoshi, wanapanda daraja. Vumbi la Kongo, vidonge vya mkononi visivyo na jina wala tarehe, karatasi tu na picha ya simba. Kuna kichekesho hapa. Ile Viagra iliyoanza kuuzwa mwaka 1998 haikutafutwa kwa ajili ya chumbani. Watafiti wa Pfizer kule Sandwich, Uingereza, walikuwa wanatafuta dawa ya maumivu ya kifua yanayotokana na mishipa ya moyo, ndipo wanaume waliojitolea kuijaribu wakaleta habari nyingine kabisa. Maana yake ni dawa ya mishipa, inashusha presha, na si peremende. Mtu anayetumia dawa ya moyo ya kuweka chini ya ulimi, akaongeza kidonge hicho, presha inaweza kuporomoka mpaka akafa kitandani. Na poda nyingi za "miti shamba" zinazofanya kazi haraka sana zimekamatwa katika nchi mbalimbali zikiwa zimechanganywa na dawa hiyo hiyo kimya kimya. Kwa hiyo bwana mdogo wa miaka 24 unayenunua ili ukajionyeshe, nawe sikia.

Kama mzee anataka kitu cha kumsaidia mishipa bila mganga, kipo, ila hakina sifa barzani. Kwanza chumvi. Shirika la Afya Duniani linasema isizidi gramu 5 kwa siku, ndiyo kijiko kimoja cha chai, kwa vyakula vyote vya siku nzima. Sasa hesabu: supu ya pweza imetiwa chumvi na mnywaji ameongeza, mchana kuna papa mkavu na achari, jioni urojo na bajia zake na chipsi za muhogo. Kijiko kilishapita tangu saa saba. Papa mkavu akirowekwa na maji yakamwagwa mara mbili chumvi inapungua sana, na mama zetu wanalijua hilo vizuri. Halafu soda. Chupa ya kola ya mililita 350 ina sukari kama vijiko tisa vya chai. Mzee anakataa sukari kwenye kahawa, kisha anateremshia soda mbili. Sawa hiyo?

Pili, miguu. Mji Mkongwe ulijengwa kwa ajili ya miguu, vichochoro havipitishi gari. Tukaingiza vespa na pikipiki, na sasa mtu anapanda kutoka Darajani mpaka Shangani! Atembee mwendo wa kutoa jasho nusu saa, siku tano kwa wiki, inatosha. Malindi, Forodhani, Shangani, atokee Mnazi Mmoja, arudi. Vile vikundi vya mazoezi vinavyokwenda Uwanja wa Amaan kila tarehe 1 Januari vimejaa akina baba na akina mama wenye vitambi vyao, wala hakuna anayewacheka. Shida inaanza tarehe 2, wengine hawaonekani tena mpaka mwaka mwingine.

Kupungua kitambi nako kunashusha presha, na usingizi unakuwa mtamu. Na akina mama msidhani mmeachwa: hedhi ikikaribia kukoma presha huanza kupanda kwenu pia, na joto la ghafla usiku si kila mara hasira za mumeo.

Mwezi wa Ramadhani una shughuli yake. Vidonge vingi vya presha vinavyomezwa mara moja kwa siku vinaweza kuhamishiwa futari au daku, lakini mwulizeni daktari mapema, Shaabani ndiyo wakati wake, si siku ya mwezi kuandama. Mwenye kisukari yeye lazima aende kabla, maana kipimo cha dawa huenda kikabadilika. Na futari ya kwetu, tambi za sukari, kalmati zinaogelea, ndizi mbivu kwa nazi, zote kwenye sinia moja! Achague moja.

Sasa swali la kweli ni hili: kijana utamwambiaje baba yako habari hizi? Kwa mila zetu huwezi. Huwezi kumkalia mzee ukamwambia baba, nasikia chumbani mambo yamekuwa mazito. Utapigwa kibao, na utakuwa umestahili. Mpelekee ami yako au rafiki yake wa barza, mmoja mwenye busara, umpe gazeti hili kama bahati mbaya, likiwa limekunjwa kwenye ukurasa huu.

Au fanya hila ndogo. "Shikamoo baba." "Marahaba." "Baba, nakwenda kupima presha, naogopa peke yangu, nisindikize." Mzee gani atakataa? Mkifika, mwache na yeye akae kitini. Ila asitoke moja kwa moja kwenye kahawa na sigara. Ipite nusu saa kwanza, akae dakika tano kimya, mgongo umeegemea, miguu chini, mkono usawa wa moyo. Ikisoma 140 kwa 90 au zaidi, warudie siku nyingine ndipo aambiwe. Hiyo ni nambari, si siri ya chumbani, kwa hiyo hata wewe unaruhusiwa kuijua. Na wewe nawe wakikufunga ile kamba mkononi, usijifanye umeletwa kusindikiza tu.

Wiki ijayo: magoti ya shangazi na ngazi za nyumba za ghorofa.