Mlima Usafirio Mbele ya Gurudumu

Foleni za mafuta zilipogeuka sehemu ya maisha ya Bujumbura, kila mwenye gari alipata wa kumlaumu. Mkazi wa Kiriri, mtaa uliopanda kilimani mashariki mwa jiji, hulaumu mlima, na hesabu inamuunga mkono. Barabara ya RN1 kutoka jijini hadi Bugarama hupanda, kwa wastani, karibu mita 4 katika kila mita 100. Mwinuko huo peke yake unaidai injini nguvu ya kilo 40 kwa kila tani ya gari na mzigo, ilhali matairi ya lori yaliyojaa sawasawa, juu ya lami nzuri, hudai kilo 10 au pungufu. Wizara ya Nishati ya Marekani nayo inakadiria kwamba upepo ukipungua psi 1 katika matairi yote ya gari dogo, hasara ya mafuta ni kama asilimia 0.2 tu. Basi anayewahubiria wakazi wa Kiriri habari za pampu na geji anawapotezea muda? Kwa kiasi fulani, ndiyo. Mahali pa mahubiri hayo ni huko chini, tambarare.

Mpunga wa tambarare hiyo, Imbo, hulimwa Gihanga na Mugerero, kwenye mashamba ya umwagiliaji yanayohudumiwa na shirika la SRDI. Huko hakuna mlima wa kusingiziwa, na trekta haliendi kasi kiasi cha kuzuiwa na hewa. Ukiondoa kazi ya jembe lenyewe, dizeli inaishia kwenye mapambano ya gurudumu na ardhi. Juu ya lami, mpira ndio unaopoteza nguvu: kila sehemu ya tairi inayogusa chini hubonyea kisha hujirudi, lakini hairudishi nguvu yote iliyoibonyeza, nyingine hupotea kama joto. Tairi likilegea, hasara inazidi, kwa hiyo dawa ni kujaza. Shambani mambo hugeuka. Kinachobonyea sana hapo ni udongo, na jinsi tairi linavyoukandamiza hutegemea mno upepo uliomo ndani yake. Tairi gumu huzama, na gurudumu lililozama hushinda kutwa likipanda ukingo wa mtaro linaouchimba lenyewe. Imbo nayo ina mlima wake, ila huo husafiri mbele ya gurudumu. Trekta linalodai kilo 20 au 30 kwa tani barabarani linaweza kudai zaidi ya 100 kwenye udongo uliotifuliwa.

Hivyo tairi lile lile linahitaji vipimo viwili. Ulaya wapo wakulima waliofunga kompresa kwenye trekta, wakashuka hadi karibu bar 1 wanapolima na kupandisha mara mbili ya hapo wanaporudi barabarani. Si anasa iliyobuniwa juzi. Kampuni ya Allis-Chalmers ya Marekani ilipoanza kuyauza matrekta yake ya Model U na matairi ya mpira mwaka 1932, badala ya magurudumu ya chuma, sehemu kubwa ya siri ilikuwa upepo mdogo. Dereva anayejaza hadi tairi lilie kama ngoma kwa ajili ya tela, kisha akaingia nalo shambani vivyo hivyo, analipa dizeli ya kuzama, analipa ya kuteleza, halafu anamwachia mwenye shamba udongo ulioshindiliwa ambao mizizi haipenyi.

Dereva huyo atajibu kwamba tairi lenye upepo kidogo hupasuka ubavu. Ni kweli, likibebeshwa mzigo mzito na kukimbizwa. Ndiyo sababu watengenezaji hutoa jedwali la mzigo, mwendo na upepo, na ndiyo sababu kulipiga tairi teke hakutoshi, inatakiwa geji. Kuna pingamizi la muda pia: kupunguza ni dakika chache, kujaza ni kazi. Kwa kazi ya saa moja kando ya barabara, sioni haja ya kuhangaika. Kwa siku nzima ya kulima, ipo.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba Mrundi wa kawaida hana trekta. Ana jembe la mkono, na akibahatika, baiskeli. Baiskeli iliyobeba ndizi haiachi barabara ngumu ila kwa nadra, na mafuta yake ni misuli ya mtu, kwa hiyo ijazwe vizuri, basi. Pampu haitamfikisha Bugarama yule anayening'inia nyuma ya lori wakati wa kupanda, akihatarisha roho. Huo ni mlima wa kweli. Lakini uchache wa matrekta ni hoja ya kuyatunza zaidi, hasa yale ya kukodi yanayozunguka shamba hadi shamba. Kila linapokodishwa trekta, kuwe na geji na kompresa mahali linapoacha barabara, na gharama iingie kwenye bei ya kulima. Mafundi wa Buyenzi, mtaa wa Bujumbura, hawahitaji kufundishwa kuziendesha. Anayeona kompresa ni ghali aiweke bei yake kando ya dizeli ya msimu mmoja wa kulima, tubishane kwa tarakimu.