Afya Nyumbani: Kuku, Tetra na Vijidudu Sugu

Mwezi huu tuzungumze juu ya kuku.

Sisi tuliokulia Jabe, kule Bujumbura, tulikuwa na jirani mfuga kuku wa nyama. Wakianza kukoroma, alifungua vidonge vya tetra, vile vya rangi mbili, akamwaga unga kwenye maji yao. Hata wazima aliwapa, eti wasiugue. Tulimuona fundi kweli. Na hapa kambini tumeona watu wakifanya vilevile, tena kwa dawa ambayo mtoto aliandikiwa akaiacha nusu.

Ubaya uko wapi? Dawa inaua vijidudu dhaifu tumboni mwa kuku. Vile vigumu vinabaki, vinazaana, na siku ya kuchinja vinapita kwenye nyama. Mwaka 2014 watafiti walitoa matokeo ya sampuli 309 za kuku mbichi waliouzwa madukani Nairobi. Karibu robo tatu ya vijidudu aina ya E. coli walivyovipima vilikuwa sugu kwa dawa angalau moja, na tetra ndiyo iliyoshindwa zaidi.

Mtoto akiugua kwa vijidudu vya namna hiyo, dawa ya kliniki inaweza isimsaidie. Na sisi huku hatuna dawa nyingi za kuchagua.

Lakini msiogope kula kuku. Kijidudu sugu kwa dawa si sugu kwa moto. Nyama ikiiva mpaka kwenye mfupa, pasibaki wekundu, kinakufa kama vingine. Hatari iko kabla ya moto: mikononi, kwenye kisu, na kwenye maji yanayorukia vyombo tunapoosha nyama. Kisu kilichokata kuku kisiguse nyanya za kachumbari kabla ya kuoshwa kwa sabuni. Ndimu inaondoa shombo tu, vijidudu haivimalizi.

Kuku wakiugua, muulizeni mtu wa mifugo. Akiwapa dawa, ulizeni pia msubiri siku ngapi kabla ya kuchinja. Na dawa ya mtoto ni ya mtoto: aimalize kama alivyoandikiwa.

Tulipofundisha haya, mwanafunzi mmoja aliuliza: "Mwalimu, sasa kuku akifa je?" Tukamjibu: kuku akifa tutahuzunika, tutatafuta mwingine. Mtoto hatafutwi mwingine.

Tuonane mwezi ujao.